Mgeni Havuki na Gari

Ofisi ya Utamaduni,
Mpanda.
6 Novemba 1995

Binamu yangu Nyanzala,

Nakuandikia nikiwa mzima, na ninaomba karatasi hii ikukute wewe na shemeji Melkiadi katika hali kama hiyo. Mwezi uliopita nilikwenda Sibwesa kuwaona wazee. Baba ana kikohozi, lakini bado anawatukana ng'ombe kwa sauti ya kusikika mashamba mawili, kwa hiyo hatujapata wasiwasi. Mama anauliza kwa nini hukuja kwenye mavuno. Ameambiwa na mtu wa huko kwenu Kasanzo kwamba umeacha hata netiboli. Nimjibu nini?

Sasa nikuambie kilichonifanya nichukue kalamu. Hapa ofisini kuna habari ya kupunguzwa watumishi. Hakuna anayejua ni akina nani watakaopunguzwa. Kila mtu amekuwa mwema ghafla, hata wale waliokuwa hawajibu salamu. Mimi ndiye karani wa mwisho kuajiriwa na bado sijathibitishwa kazini. Usiku nikilala naota napewa bahasha.

Mkuu wangu, Bi Theopista, Afisa Utamaduni, amenipa kazi moja ya kuniokoa. Kila mwezi niandae ukurasa mmoja wenye mambo mafupi ya historia, mila na siku za kumbukumbu, unaoitwa "Je, Wafahamu?" Ukurasa unabandikwa ubaoni nje ya ofisi na kusomwa kwa kipaza sauti kabla ya mikutano ya hadhara. Alisema hivi, nanukuu: "Enoka, ukurasa ukipendwa, nina cha kusema juu yako. Usipopendwa, nitakutetea kwa lipi?"

Nimejitahidi. Nimeandika kwamba mwaka 1879 Wabelgiji walijenga ngome Karema, kando ya Ziwa Tanganyika. Nimeandika kwamba reli kutoka Kaliua ililetwa Mpanda kwa sababu ya madini ya risasi ya Mukwamba. Nimeandika kwamba Azimio la Arusha na kuzaliwa kwa CCM vyote vinakumbukwa tarehe tano Februari. Yote nimeyahakiki. Bi Theopista akasoma, akavua miwani, akasema: "Hapa kuna Wabelgiji, kuna treni, kuna risasi. Watu wako wapi?"

Kwa hiyo nakuomba. Wewe umeolewa kwa watu wenye mila zao. Niandikie mila moja ya Kasanzo, fupi, yenye siku yake maalumu kama ipo. Tafadhali iwe ya kweli.

Ni mimi ndugu yako mwenye hofu,
Enoka Mwandu


Kasanzo,
24 Novemba 1995

Karani wetu mwoga,

Barua yako imefika na lori la mchele la Salvatori, ina alama ya kiatu chake, lakini imesomeka. Sisi hatujambo. Melkiadi anakusalimu, yuko shambani, mvua zimewahi na mahindi yameshapandwa. Mwambie mama Helena netiboli nimewaachia wasichana wenye magoti mazima. Habari nyingine sina.

Jirani yangu Annonciata, mke wa Gervais fundi baiskeli, naye anakusalimu ingawa hakujui. Mtoto wake Sixte sasa anatembea na anaiba maandazi. Ni yule aliyezaliwa kwenye ukingo wa Mto Lufwisi mwezi wa tatu mwaka jana, mama yake akingoja maji yapungue ili avuke kwenda zahanati. Daraja lilikuwa limeshasombwa. Mwezi wa nane walikuja mabwana wawili wenye kofia kulikagua. Mto umekauka, gari lao likapita juu ya mchanga bila kulowa hata tairi, wakaandika "panapitika" wakaondoka. Siwalaumu. Siku hiyo palipitika.

Haya, mila. Wewe uliyekimbizwa na ndama ukapanda juu ya ghala ukalilia huko mpaka jioni, leo unataka kuwafundisha watu mila kwa kipaza sauti. Chukua hizi.

Kwanza, Kasanzo karani haruhusiwi kuoa mpaka akamue dume.

Pili, siku ya Muungano mbuzi wote hupewa likizo, na anayefunga mbuzi kamba siku hiyo hutozwa faini ya kuku.

Tatu, kabla ya kula mahindi mabichi, kuna siku yake, Jumamosi ya pili ya Machi. Mgeni wa heshima hutoka ng'ambo akavuka Lufwisi kwa miguu yake mwenyewe, kapu mkononi. Havuki na gari, habebwi mgongoni. Wanaume wa kijiji hunyoosha kamba toka ukingo hadi ukingo ashikilie. Akifika ndipo anapewa hindi la kwanza, na wengine wote wanakula. Asiyevuka kwa miguu hapewi hata gunzi.

Chagua unayoipenda. Na upunguze woga, unakufanya uandike kwa herufi ndogo, macho yananiuma.

Nyanzala, mtani wako


Mpanda,
11 Desemba 1995

Binamu mpendwa,

Pokea salamu zangu na za Mpanda yote kwa jumla. Sherehe za Uhuru zimekwenda vizuri. Nilipewa nafasi ya kusoma kwamba Mwenge uliwashwa juu ya Kilimanjaro tarehe 9 Desemba 1961. Sauti ilitetemeka kidogo lakini watu wakadhani ni kipaza sauti.

Nakushukuru sana kwa msaada wako. Usidhani sikugundua. Mila ya kwanza na ya pili ni utani, niliona mara moja. Mimi si mtoto. Nimezikata zote mbili na kubaki na ya tatu, ambayo nimeiandika kwa lugha ya ofisi chini ya kichwa "Mgeni Havuki na Gari". Bi Theopista aliisoma mara mbili bila kuvua miwani. Akasema, "Hapo sasa kuna watu."

Nimeanza kulala. Mwambie shemeji nimemnunulia betri za redio.

Wako mwenye shukrani,
Enoka

Nyongeza: Hukujibu swali la mama. Magoti yana nini?


Mpanda,
8 Januari 1996

Nyanzala,

Heri ya mwaka mpya. Sijui kama uliipata barua ya Desemba. Salvatori anasema alikuachia dukani, lakini Salvatori husema hivyo hata kwa barua alizokalia. Huku wazima. Baba amepona kikohozi.

Nakuandikia upesi kwa sababu jambo limekua. Mkuu wa Wilaya alipita ubaoni akasimama. Mimi nilikuwa dirishani, nikaona mgongo wake, na alisimama muda mrefu. Kisha akaingia kwa Bi Theopista. Baadaye niliitwa. Anasema amechoka kualikwa kwenye mila zinazopangwa kwa ajili yake, na hii inampendeza kwa sababu haina kiti cha mgeni rasmi. Jumamosi ya pili ya Machi atakwenda Kasanzo. Atavuka kwa miguu.

Ameuliza mambo mawili. Mila ilianza lini, na asili yake ni nini? Nilijibu kwamba nafuatilia. Tafadhali muulize mzee yeyote mwaka wake, hata kwa kukadiria: kabla ya Wajerumani, au baada. Uniandikie haraka. Bi Theopista anasema ziara hii ikienda vizuri, habari ya kupunguzwa mimi nisiiwaze tena.

Enoka


Kasanzo,
19 Januari 1996

Enoka wangu,

Barua zako mbili zimefika siku moja. Njia ilikatika Sitalike, Salvatori akakaa na mchele wake wiki nzima akitazama viboko. Hatujambo kabisa, maji yamejaa, mahindi yamepita kiuno cha Melkiadi. Betri zimepokelewa, tunasikiliza taarifa ya habari mpaka tunajua bei ya pamba ya Mwanza.

Nimeisoma barua yako nimekaa chini, na nashauri na wewe ukae.

Mila ile haipo.

Hakuna mgeni, hakuna kapu, hakuna hindi la kwanza. Hapa mahindi yakikomaa kila mtu anakula nyuma ya nyumba yake kabla jirani hajaomba. Mimi na wewe ni mabinamu, tumetaniana tangu tunachunga, siku moja nilikuambia fisi anaogopa soksi ukalala na soksi mwezi mzima. Mtani anapokupa vitu vitatu, viwili vya uongo, wewe ukaamini cha tatu ni zawadi? Shule zote hizo.

Usilie. Nakufikiria.

Nyanzala


Mpanda,
29 Januari 1996

Kwa Nyanzala,

Salamu. Wazazi wazima. Mimi si mzima.

Nilikwenda na barua yako chooni nikaisoma huko, ndipo pekee penye komeo. Nimefikiri njia zote. Nikimwambia Bi Theopista, atalazimika kumwambia mkuu wake, na mkuu wake amekwisha kuwaambia hata watu wa mkoani Sumbawanga. Karani aliyetunga mila atakuwa wa kwanza kupunguzwa, na sitaweza kusema kwamba nimeonewa.

Ninachokuomba ni kimoja. Mwenyekiti wa kijiji aandike kwamba mwaka huu sherehe haitafanyika. Sababu iwe msiba, au viwavi shambani, au maji mengi. Maji mengi ni sababu nzuri, tena ni ya kweli. Mwakani watakuwa wamesahau na mimi nitaandika mambo ya Wabelgiji peke yake hadi nistaafu.

Na nikuulize jambo, unijibu kama ndugu na si kama mtani. Ulisema utani, sawa. Lakini utani wa karani kukamua dume una mistari miwili. Huu wa tatu una kamba, una kapu, una tarehe. Kwa nini uliuwekea tarehe? Tena ya Machi, mto ukiwa umejaa?

Nangoja kwa hofu,
Enoka


Kasanzo,
17 Februari 1996

Karani,

Tunaendelea vizuri, mama yangu amekuja kukaa nami, analeta fujo jikoni na anakusalimu mtoto wa kaka yake. Anasema ulikuwa mtoto mzuri sana mpaka ulipojifunza kusoma.

Nimemfikishia mwenyekiti ombi lako, kwenye mkutano, mbele ya watu. Usikasirike. Nilisema: ndugu zangu, binamu yangu wa Mpanda amewaandikia wakubwa kwamba hapa tuna mila ya mgeni kuvuka mto kwa miguu, na Mkuu wa Wilaya anakuja Machi, tumwandikie asije? Kisha babu mmoja wa ukoo wa Melkiadi akauliza, "Atavuka kwa miguu, maji yakiwa yale pale?" Nikasema ndiyo. "Mwenyewe?" Ndiyo. Akasema, "Basi mila hiyo mimi naikumbuka vizuri sana."

Watu wakacheka mpaka mkutano ukafungwa. Sasa kila mtu anaikumbuka. Gervais anakumbuka kamba ilikuwa ya katani. Annonciata, ambaye alikuja hapa na wazazi wake toka Burundi akiwa mgongoni, anakumbuka hata nyimbo. Wanaume wamegawana zamu, siku hiyo hakuna atakayekwenda shambani, wote watakuwa mtoni toka asubuhi. Wenye nguvu zaidi watasimama katikati, penye kina.

Kwa hiyo hapana, hatutamwandikia asije. Mwache aje. Na usiogope viboko. Wako Sitalike, hawana nauli ya kufika huku.

Swali lako la tarehe nimeliona. Mama ananiita, uji unafurika.

N.


Mpanda,
26 Februari 1996

Nyanzala,

Nimepokea. Wote wazima.

Kesho kutwa Salvatori anapita, nitampa barua hii na kilo mbili za sukari ya shangazi. Ziara imethibitishwa. Landrova moja: Mkuu wa Wilaya, Bi Theopista, dereva na mimi. Tutalala Usevya Ijumaa.

Nimeamua jambo, nakuambia wewe tu. Mwenyewe sitasema. Lakini Mkuu wa Wilaya akiniuliza tena mila ilianza lini, nitamwambia ukweli, popote tutakapokuwa. Nimejaribu kutunga mwaka, nikaandika 1890 kwa penseli, mkono ukakataa. Kuandika kosa bila kujua ni jambo moja. Hilo lingine siliwezi, hata kwa mshahara.

Mimi siogelei. Unakumbuka.

Enoka


Zahanati, ng'ambo ya Lufwisi,
20 Machi 1996

Kwa Enoka, mbeba viatu,

Usishtuke kwa anwani. Niko kwa dada yake Annonciata, karibu na zahanati, nimepumzika. Mtoto ni wa kike, alizaliwa siku nne baada ya nyie kuondoka, ana sauti ya mjomba Mwandu akiwatukana ng'ombe. Tumempa jina Helena. Mwambie mama yako kwamba magoti yangu yamepona, na kwamba kwa watu wa Melkiadi mimba haitangazwi, hata kwa binamu, hasa binamu mwenye kipaza sauti.

Melkiadi anasema uliniona pale kati ya mto ukafungua mdomo, maji yakaingia. Mimi sikukuona vizuri, nilikuwa chali juu ya kitanda cha kamba, wanaume wanne chini yangu, nilichoona ni mawingu na jozi ya viatu vyeusi imeelea hewani. Nikauliza, "Karani, viatu hivyo unaoa au unaozwa?" Baadaye ndipo nikaambiwa ni viatu vya nani.

Najua utaniuliza tena, kwa hiyo niseme kidogo. Tangu daraja liondoke, mwezi wa tatu wanaume wako kwenye mashamba ya mbali wanalinda mahindi dhidi ya nyani. Ukimhitaji mtu wa kukuvusha, unampata kesho yake. Annonciata alingoja kesho yake. Mimi nilitaka siku moja ambayo wote wangekuwa mtoni, na kamba imefungwa, mchana kweupe, kabla siku zangu hazijafika.

Je, nilikuwa nakutania nilipokuandikia Novemba? Mtoto analia, ngoja nimnyonyeshe.

Nimerudi. Haya, niambie. Mheshimiwa alikuambia nini kule majini? Wengine waliona midomo yenu ikicheza lakini mto ulikuwa na kelele. Na kazi yako je?

Nyanzala na Helena


Mpanda,
15 Aprili 1996

Kwa mama Helena mdogo,

Mama mkubwa Helena alipopata habari alikaa chini akacheka, akainuka akaanza kusonga ugali wa watu ishirini ingawa tulikuwa watatu. Baba amemtengea mjukuu ndama. Kwa bahati mbaya ni yule mwenye tabia ya kukimbiza watu.

Nimekukasirikia wiki mbili. Nilikuwa nimeandika barua kali yenye aya saba. Kisha nikafikia mahali pa kueleza ulivyokuwa juu ya kile kitanda, tumbo lako liko juu ya maji kama kichuguu, nikaona aya saba hazina kazi. Nimeichana.

Sasa nikupe yale ambayo hukuyaona, kwa kuwa ulikuwa unatazama mawingu.

Bi Theopista alibaki ukingoni na gari. Alisema yeye si mgeni wa heshima, ni mtumishi. Mkuu wa Wilaya akakunja suruali, jambo lisilo na maana kwa kina kile, akashika kamba kwa mkono mmoja na kapu kwa mwingine. Mimi nilifuata na viatu vyake kichwani. Maji yalikuwa ya baridi na yalinivuta kama mtu anayetaka kuniambia siri. Alipofika maji ya kifuani, ndipo mlipokuja ninyi toka upande wa pili. Wanaume wenu walisema, "Tupisheni, mheshimiwa," na yeye akapisha. Mkuu wa Wilaya alibanwa kwenye kamba, kapu limeinuliwa juu, mpaka kitanda kikapita. Ndipo uliponiuliza habari ya viatu.

"Huyo ni nani?" akaniuliza.

"Binamu yangu, mheshimiwa."

"Anakwenda wapi?"

"Zahanati."

"Na siku zisizo na kamba, anavukaje?"

Havuki, ndilo jibu. Akatazama kitanda kikipanda ukingo, akatazama zile nguzo mbili za daraja la zamani zilizobaki zimeinama. Halafu akaniuliza lile nililokuwa nikiliogopa tangu Januari. "Karani, mila hii ilianza lini?"

Nilisema, "Leo, mheshimiwa."

Hakugeuka. Mto ulikuwa unapiga kelele nikadhani hakusikia, nikaanza kufurahi. Kisha akasema, "Shika viatu vizuri."

Basi. Hakuna lingine alilosema. Alivuka, akapewa hindi lake, akalila lote, hata punje za mwisho, mbele ya watu. Hotuba yake uliisikia kwa Melkiadi, lakini nakunukulia kwa usahihi kwa sababu niliiandika: "Mila hii nimeipenda. Mwakani nitakuja tena. Ila mwakani nataka nivuke kwa miguu kwa kupenda, si kwa kukosa pa kupita." Akakaa. Wanawake wakapiga vigelegele. Annonciata akaimba ule wimbo wa kale alioutunga Jumatano.

Njiani kurudi hakusema nami. Sitalike tulisimama kutazama viboko, dereva akasema wamenenepa, yeye akasema ndiyo. Bi Theopista alinitazama kwenye kioo, nikajua ameambiwa.

Kuhusu kazi, sijui. Ubao wa "Je, Wafahamu?" uko mtupu tangu siku hiyo. Kila bahasha ikipita mezani napumua baada ya kuona si yangu.

Enoka


Mpanda,
24 Juni 1996

Nyanzala,

Mambo ni mengi kwa hiyo salamu zitakuwa fupi: wazima, mpe mtoto busu, ndama amemkimbiza baba.

Bahasha imefika. Niliifungua nimesimama. Sijapunguzwa. Nimehamishwa. Naondolewa Utamaduni na kupelekwa kwa watu wa ujenzi, niwe karani wa kambi kwenye kazi ya daraja la Lufwisi, kuanzia mwezi wa saba hadi litakapokwisha. Sababu iliyoandikwa ni kwamba "mhusika anaufahamu mto huo". Bi Theopista ananiambia ni adhabu. Kisha akanipa mkono, akaukaza. "Na ukirudi," akasema, "utaniletea ukurasa. Safari hii na tarehe ya kweli."

Nitalala katika hema miezi yote hiyo. Je, kweli hakuna viboko?

Enoka


Kasanzo,
12 Februari 1997

Mwandishi wa daraja,

Nyumba imekuwa kimya tangu urudi Mpanda. Helena anakutafuta nyuma ya mlango, pale ulipokuwa ukijificha ndama anapopita. Mama yangu anasema kwa mara ya kwanza amekuona unakula vizuri. Hatujambo, mvua ni nyingi, na jana Annonciata alivuka daraja na baiskeli ya Gervais, akarudi, akavuka tena, hakuwa na safari yoyote.

Ukurasa uliotutumia umebandikwa dukani. Melkiadi aliusoma kwa sauti, na mimi naunakili hapa ili uone kwamba tumeusoma sawasawa: "Je, wafahamu? Kila Jumamosi ya pili ya Machi, wakazi wa Kasanzo humpokea mgeni kwa hindi bichi la kwanza baada ya yeye kuvuka Mto Lufwisi kwa miguu. Mila hii ilianza tarehe 9 Machi 1996. Chanzo chake ni utani." Babu wa ukoo ameupinga. Anasema mila ni ya zamani kuliko hapo, yeye mwenyewe anaikumbuka. Tumemwacha.

Sasa kuna ugomvi mwingine, ndio maana nakuandikia. Wazee wamekaa wakasema daraja ni la magari na wagonjwa. Mgeni bado atashuka na kupita majini, kando yake, akishika kamba, kama ilivyo desturi. Umeona ulivyotufanyia. Mheshimiwa ameleta habari kwamba anakuja na kaptura.

Ila kuna mtu mmoja ambaye hajawahi kupewa hindi lake. Mwaka jana alivuka siku ileile na mgeni rasmi, lakini alivuka amelala, bila kukanyaga tone la maji. Kwa mila yetu hapewi hata gunzi, na meno sasa anayo manne. Anasimama, anapiga hatua, anaanguka, anainuka. Kando ya ukingo pale chini ya daraja maji ni ya kifundo cha mguu tu.

Tarehe nane Machi atavuka kwa miguu yake. Mkono wake mmoja nitaushika mimi. Wa pili ni wako, kwa hiyo usije umebeba viatu vya mtu.

Nyanzala